Lugha ya Mama Mkwe

Kiharusi kilipompiga Mama Tereza, mkono wake wa kulia ulilegea na mguu ukawa mzito, lakini vyote viwili havikupotea. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi aliweza kujikongoja kutoka kitandani mpaka barazani, akishika ukuta. Kilichoondoka kabisa, kikaenda bila kuaga, ni Kiswahili chake.

Aneth, mke wa mwanawe, ndiye aliyeligundua jambo hilo. Siku nane wodini mama hakusema lolote. Siku ya tisa Aneth aliingia na chupa ya uji, akamwamkia kama alivyozoea, "Shikamoo, Mama." Mama Tereza alimgeukia, akafungua mdomo uliokuwa umepinda kidogo upande mmoja, akasema maneno mengi, marefu, yaliyojaa vidoko, milio ya ulimi, kama nafaka iliyochanganyika na vijiwe. Kilikuwa Kisandawe, lugha ya kwao. Aneth alifurahi kuisikia sauti, akacheka, akamshika mkono, akamwambia aseme tena kwa Kiswahili. Mama alisema tena, yale yale, kwa Kisandawe kile kile, huku akimtazama kwa mshangao wa mtu anayejiuliza kwa nini hajibiwi.

Daktari, binti mwenye sauti ya upole, aliwaeleza kwamba hutokea hivyo kwa baadhi ya wagonjwa. Lugha aliyonyonya mtu kwa mama yake ina mizizi mirefu. Ile aliyoipata ukubwani wakati mwingine hung'oka kwanza. Huenda ingerudi, huenda isirudi. Na Kiswahili, kweli, Mama Tereza alikipata ukubwani. Alikuwa anakaribia miaka thelathini, ana watoto watatu, alipokwenda kukaa kwenye benchi la kisomo cha watu wazima kijijini kwao, upande wa Kwa Mtoro, akiwa na mtoto mgongoni. Aliipenda sana hadithi hiyo. Aneth alikuwa ameisikia mara nyingi, na kila mara mwalimu wa kisomo aliongezwa urefu na ukali.

Tabu ilikuwa kwamba pale nyumbani, Nzuguni, hapakuwa na mtu wa kumjibu. Abeli, mumewe Aneth, alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alipakia Kibaigwa, akateremsha Dar, wakati mwingine akapitiliza hadi Mtwara. Nyumbani alilala siku mbili, barabarani siku kumi. Binti yao Debora alikuwa chuoni Mbeya, na Kisandawe chake chote kilikuwa salamu mbili za kumfurahisha bibi. Alibaki Aneth, Mgogo wa Mvumi, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, muuza nafaka katika soko la Majengo, ambaye kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kulitamka sawasawa hata neno moja la kwao Abeli.

Si kwamba hakuwahi kujaribu. Siku alipopelekwa ukweni kwa mara ya kwanza, akiwa bibi harusi, alijifunza njiani neno moja la kuwasalimia wazee. Alipolitoa, uwanja mzima uliangua kicheko. Walicheka kwa mapenzi, na shangazi mmoja akamkumbatia, lakini Aneth alikuwa na kidonda cha zamani. Darasa la pili, mwalimu aliwahi kumsimamisha mbele ya wenzake aseme "rula", naye akasema "lula", akaambiwa arudie, akarudia "lula", mpaka kengele ikalia. Tangu hapo alikuwa mtu wa kutosogelea neno ambalo ulimi wake haujaliona vizuri. Basi salamu ile ya ukweni aliiweka kando, na Mama Tereza naye akamrahisishia kwa kuzungumza naye Kiswahili siku zote.

Na walizungumza. Hilo ndilo lililomuuma. Mama alipohamia kwao miaka mitatu nyuma, macho yalipoanza kufifia, Aneth alijiandaa kuvumilia mama mkwe. Badala yake akapata rafiki. Jioni akirudi kutoka sokoni walikaa barazani, wakachambua mlenda, wakazungumza hadi chai ikapoa vikombeni. Mama Tereza alijua kumwiga kila mtu mtaani: fundi bomba, mwenyekiti wa mtaa, hata padri anapotafuta miwani aliyoivaa.

Sasa mama alisema, Aneth akakisia. Siku moja mchana mama aliomba kitu, akanyoosha mkono wa kushoto. Aneth akaleta maji. Sivyo. Akaleta blanketi. Sivyo. Akamwinua ampeleke chooni, mama akaukaza mwili. Mwishowe Aneth akampigia simu Abeli, aliyekuwa kwenye foleni ya mizani, akaiweka simu kwenye sikio la mama. Walisemezana kidogo. Kisha Abeli akamwambia mkewe kwamba mama anataka dirisha lifunguliwe.

Dirisha lilikuwa hatua tatu kutoka kitandani. Aneth alilifungua, akaenda jikoni, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Alikuwa amemkumbuka rafiki yake, na rafiki yake alikuwa chumba cha pili.

Kesho yake alfajiri alimfuata Mzee Hamza. Huyu aliuza asali mstari wa nyuma ya meza yake pale Majengo, Msandawe wa miaka sitini na ushee, mtaratibu, mchache wa maneno, ambaye ndoo zake zilifunikwa kwa vitambaa vyeupe kama maiti wa heshima. Aneth alimwamkia, akamweleza yaliyomsibu, akamwomba amfundishe kusema na mama mkwe wake.

Mzee alimuuliza umri. Alipoambiwa, akatikisa kichwa. "Ulimi wa miaka hiyo ni ngozi iliyokauka, mwanangu. Haikunjiki mpaka iloweke. Una subira?"

Aneth akasema anayo.

Wakaanza alfajiri ile ile, kabla wateja hawajajaa. Mzee Hamza alimwambia kwamba vidoko ni vitatu, na vyote anavijua tayari bila kujua kwamba anavijua. Cha kwanza ni kile cha kusikitika, ncha ya ulimi nyuma ya meno, anachokipiga mtu akiona chungu kimevunjika. Cha pili ni cha kumhimiza punda, kinachotokea shavuni. Cha tatu ni mlio wa kizibo kinachochomoka kwenye chupa. Ulimi hubanwa juu ya kaakaa, kisha huachiwa ghafla. Aneth alivipiga vyote vitatu, akajiona kafuzu.

"Hivyo hata mtoto wa mjini anavipiga," mzee akasema. "Kazi ni kukitia kidoko ndani ya neno, na neno lisisimame."

Hapo ndipo mlima ulipoanzia. Aneth alipiga kidoko, akatua, ndipo irabu ikafuata, imechelewa kama mgeni aliyekosa basi. Mzee akasema amefungua mlango, akasahau kuingia. Alipojaribu kuharakisha, kidoko kikageuka T. Alipokaza zaidi, alijiuma ulimi. Kulikuwa pia na sauti nyingine zisizokuwa vidoko zilizokuwa ngumu vile vile; neno la maji, kwa mfano, lilitakiwa kukatika kooni kama limepigwa kisu, na la Aneth lilimwagika tu. Tena kulikuwa na kupanda na kushuka: neno lile lile likipandishwa lina maana yake, likishushwa lina nyingine.

Alijizoeza kila mahali. Alipiga vidoko akipepeta mtama, akifua, akiwa ndani ya bajaji. Jambo hilo lilimletea matatizo yake, maana kile kidoko cha kwanza, kwa sisi wengine, hakiko mbali na msonyo. Mteja mmoja, mama mtu mzima mwenye heshima zake, aliuliza kama karanga zile ni za mwaka huu, na jibu alilopata lilikuwa kidoko kikali kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akitazama angani. Mama yule alifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Ilibidi Aneth amkimbilie hadi kwenye nyanya kumwomba radhi, na kumweleza, na hata baada ya kuelezwa yule mama alimtazama kama anayemtilia shaka akili yake. Wanawake wa meza za jirani walicheka wiki nzima. Safari hii Aneth alicheka nao.

Baada ya wiki tatu aliona yuko tayari. Alikuwa ameandaa sentensi moja, ya kumuuliza mama amelalaje. Asubuhi aliketi kando ya kitanda na bakuli la uji, akamlisha kijiko cha kwanza, akavuta pumzi, akaisema yote bila kutua.

Mama Tereza aliganda. Macho yake yakamtoka. Kisha uji ukatoka puani, mabega yakaanza kutikisika, na kikatoka kicheko ambacho Aneth hakuwa amekisikia tangu kiharusi cha mwezi wa sita; kicheko kile cha zamani, cha barazani, ila kimepinda upande mmoja. Alicheka hadi machozi yakamtiririka, akampiga Aneth gotini kwa mkono wake mzima, akasema kitu, akacheka tena. Aneth akamfuta uso, naye akacheka bila kujua wanacheka nini.

Jioni alimtamkia Abeli sentensi ile kwenye simu.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Nilimuuliza amelalaje."

"Hukumuuliza hivyo," Abeli akasema. Akakataa katakata kueleza zaidi, akamsihi asiirudie sentensi hiyo mbele ya watu. Mzee Hamza naye, alipoulizwa kesho yake, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama kupanga vitambaa vya ndoo zake ambavyo havikuwa vimeharibika.

Tangu siku hiyo mama alikuwa mwalimu. Ilikuwa kama amepewa kazi baada ya miezi ya kukaa bure. Aneth akirudi sokoni alimkuta ameshaketi barazani, anamsubiri. Alimshika kidevu kwa mkono wa kushoto, akamfumbua mdomo, akachungulia ndani kwa macho yake yasiyoona vizuri, na pale macho yalipomshinda akatumia kidole kuusukuma ulimi mahali pake. Alikuwa mkali. Alielekeza kitu, akakitaja, Aneth akarudia, mama akatikisa kichwa, Aneth akarudia, mama akafumba macho kama anayeumwa jino. Mara ya kumi na tano, au ya ishirini, aliitikia kwa kuguna, na mguno ule Aneth aliuthamini kuliko cheti chochote.

Kulikuwa na siku alizochoka, akarudi chumbani kwake na ulimi umevimba, akijiambia kwamba mtu mzima hafunzwi kusema. Lakini asubuhi ilipofika alikuwa na neno jipya la kujaribu, na mtu wa kulijaribu kwake.

Mzee Hamza alifuatilia maendeleo yake kwa karibu. Siku moja alimsimamisha katikati ya sentensi, akamtaka aseme tena. Aneth akasema. Mzee akacheka kwa upole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alimwambia kwamba sasa vidoko vimeanza kukaa ndani ya maneno, lakini amevipata pamoja na ugonjwa. Anavuta maneno upande wa kulia, analegeza sauti za mwisho, kama wanavyosema watu waliopigwa na kiharusi. Alikuwa amejifunza lugha ya mama mkwe wake barabara, pamoja na mdomo wake uliopinda.

Aneth alishtuka. Hakuwa amefikiria kabisa kwamba mwalimu wake naye alikuwa akipigana na ulimi wake mwenyewe, kwamba kuna maneno mama aliyarudia si kwa ajili ya mwanafunzi bali kwa sababu yalikuwa yamemteleza. Akamuuliza mzee ashike matamshi yapi, ya sokoni au ya nyumbani.

"Unajifunza useme na nani?" mzee akamuuliza.

Kufika mwezi wa kumi alikuwa na maneno kama mia mbili hivi. Hakuweza kusimulia hadithi, lakini aliweza kuuliza. Kuelewa kulikuwa kumemtangulia kusema, kama inavyokuwa kwa watoto. Jioni moja, joto limepanda na anga haina hata wingu, aliona mama amegeuza uso kaskazini kwa muda mrefu. Akalitafuta neno, akalipata, akamuuliza anataka nini.

Hakumaanisha jambo kubwa. Alifikiri ataambiwa maji, au mto wa kuegemea. Mama aligeuka akamtazama. Kisha akajibu kwa maneno machache, na Aneth akayaelewa yote: nyumbani, kabla ya mvua.

Alijifanya hakusikia vizuri. Akauliza tena. Mama akarudia polepole, neno moja moja, kama anavyoelezwa mtoto, akaongeza na la kwake Aneth: kwamba hapa ni pazuri, na yeye Aneth ni mwema, ila anataka nyumbani.

Aneth alikaa na maneno hayo siku mbili. Erica, wifi yake aliyebaki kijijini, alikuwa amempigia Abeli simu mara kadhaa tangu mwezi wa nane, akimwomba amruhusu amchukue mama, maana Nzuguni atakufa kwa ukiwa. Abeli alikuwa amekataa kila mara. Hospitali iko karibu hapa, alisema, na mtoto wa kiume hamrudishi mama yake kijijini akiwa mgonjwa. Watu wangesema nini? Mama mwenyewe hakuwa amemwambia kitu. Abeli akirudi safari alimuuliza kama hajambo, naye alijibu hajambo, kwani mama gani humwambia mwanawe aliyechoka na barabara kwamba nyumba yake haimtoshi? Kwa hiyo mtu pekee aliyejua alikuwa Aneth. Akinyamaza, mama atabaki, na baraza litakuwa na watu wawili. Miezi minne alikuwa ameuvunja ulimi wake ili asimpoteze rafiki, na neno la kwanza kubwa alilolielewa ndilo lililokuwa linamwondoa.

Abeli alipofika, Aneth alimwacha aoge, ale, ndipo akamwambia. Abeli aliweka kikombe chini.

"Umesikia vibaya. Hiyo lugha yenyewe unaitamka kama mtu anayetafuna ulimbo."

Neno hilo lilimchoma, naye hakuficha. "Kutamka siwezi," akasema. "Kusikia nasikia. Nenda kaketi naye umuulize. Usimuulize kama hajambo, baba Debora. Muulize anataka nini."

Abeli akainuka, akaingia chumbani kwa mama yake. Aneth aliosha vyombo. Kutoka jikoni alisikia sauti ya mama ikienda, ikisimama, ikienda tena, na sauti ya Abeli ikipungua mpaka ikabaki ya mtoto. Alipotoka, Abeli alikwenda kuegemea geti, akatazama barabara kama mtu anayengoja gari. Baadaye akarudi, akamwomba mkewe radhi kwa yale ya ulimbo, na akauliza mvua za mwaka huu zinatarajiwa lini.

Walimpeleka wiki ya mwisho ya Novemba. Aneth alimwachia jirani meza yake pale Majengo, akakaa kijijini wiki tatu ili Erica ajifunze namna ya kumwinua mama na mazoezi ya mkono. Alikuwa na hofu ya kucheka kwao, na walicheka kweli. Siku ya pili tu alimwomba mzee mmoja amsogezee kigoda, na mzee akamuuliza Erica kwa huruma kama huyu wifi yake naye aliwahi kupigwa na kiharusi.

Lakini lililomtaabisha lilikuwa jingine. Mama Tereza aliamka. Majirani walikuja asubuhi, mchana na jioni, wakaketi kumzunguka, na maneno yakatiririka kwa kasi ambayo Aneth hakuwahi kuisikia Nzuguni. Yeye Aneth, mama alikuwa amemkatia maneno vipande vidogo vidogo. Kwa wenzake aliyamwaga. Akaanza tena kuiga watu kwa nusu ya uso. Aneth alidaka neno hapa na neno pale, akaachwa nyuma, akawa anatabasamu wenzake wakishamaliza kucheka. Jioni moja aliinuka akaenda kusaga mtama usiokuwa na haraka, na wivu umemkaba.

Akiwa anasaga alimsikia mwanamke mmoja, mgeni kutoka kijiji cha pili, akiuliza huyu Mgogo ni nani. Mama Tereza alijibu bila kupunguza mwendo, kwa kasi ile ile ya kwao, na Aneth alilipata jibu lote, mwanzo hadi mwisho, pasipo kulitafsiri kichwani. Mama alisema: ni binti yangu, nimemfundisha mwenyewe kusema, bado nusu.

Aliendelea kusaga. Aliporudi barazani mama alipapasa mkeka kando yake, naye akaketi.

Mvua zilikuja vizuri mwaka huo. Mwezi wa pili, mchana wa joto pale Majengo, Aneth alikuwa akimpimia mteja mtama wakati simu yake ilipolia. Alikuwa Erica, akasema kuna mtu anataka kuzungumza naye, kisha ikasikika pumzi nzito karibu sana na simu, na jogoo, na watoto. Aneth alimwamkia mama kwa Kisandawe. Upande wa pili mama alitikisa kichwa. Haikuonekana, lakini ilijulikana. Aneth akarudia. Mama akaguna.

Kisha mama akaanza kusimulia. Ilikuwa habari ndefu, yenye mbuzi wa mtu fulani na shamba la katekista, na pengine harusi, ingawa huenda ilikuwa kesi. Aneth aliweka kipimo chini, akamwomba mteja subira kwa mkono, akaziba sikio la pili. Mzee Hamza alipita na ndoo, akasimama kidogo kusikiliza, akaendelea na safari yake. Mama alifika kwenye kilele cha habari, akaanza kucheka kabla hajakimaliza, na mwisho wenyewe ukapotelea humo humo.

Aneth alielewa nusu. Hiyo nusu nyingine aliicheka kwa kuwa mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia, na mteja, ambaye hakuelewa lolote, naye akaanza kutabasamu.